Apache, Nginx au Caddy: ulinganisho kwa anayetunza seva mwisho wa reli

Saa tatu usiku simu iliita. Alikuwa mwalimu wa taaluma wa sekondari moja hapa Kigoma mjini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Hivi haya matokeo mbona hayapandi? Nabonyeza, inazungukaaa, mwisho inaniandikia 413."

Faili lake lilikuwa PDF ya kurasa zilizopigwa picha, kama MB 3. Seva, yaani programu inayowapa wageni kurasa za tovuti, ilikuwa Nginx, na Nginx ukiiacha ilivyokuja haipokei kitu kinachozidi MB 1. Nikaongeza `client_max_body_size 20m;`, nikaipakia upya, nikamwambia ajaribu. Ikagoma tena, safari hii bila namba yoyote. PHP, lugha inayoendesha tovuti hiyo, nayo ina kikomo chake, MB 2 kwa faili moja. Nilikuwa nimefungua geti nikasahau mlango.

Ilipokubali, Mwalimu akauliza: "Sasa fundi, si ungetuachia tu ile Apache ya mwanzo? Mbona haikuwa na mambo haya?"

Swali la haki. Apache ingemfikisha moja kwa moja kwenye ukuta wa PHP bila kumsimamisha getini, na Caddy vilevile, kwa kuwa haiweki kikomo usipoiwekea. Lakini kila moja ina geti lake mahali pengine. Naulizwa habari hizi mara kwa mara, na wanafunzi wa chuo, na watu wa IT wa ofisi za hapa, hata na jamaa mmoja wa Kibirizi anayeuza dagaa kwa oda za simu. Basi niziweke zote tatu mezani mara moja.

Vigezo kwanza

Kasi sijaiweka, na najua wapo watakaonuna. Nginx ilizaliwa kutokana na kasi. Mwaka 1999 Dan Kegel aliuliza seva moja inawezaje kuhudumia wageni 10,000 kwa wakati mmoja, Igor Sysoev akaanza kuandika Nginx mwaka 2002 na kuitoa hadharani mwaka 2004. Swali zuri, lakini si letu. Tovuti ya gesti ya Ujiji au ya shule ya Mwanga ikipata wageni mia tatu kwa siku imebarikiwa, na zote tatu zinawahudumia hao bila kutoka jasho. Kinachochelewesha ukurasa ni picha ya MB 5 iliyotoka kwenye simu na kupandishwa hivyo hivyo.

Ninachopima ni hiki: inakula RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) kiasi gani kwenye mashine ndogo, usanidi wake unaandikwaje, na ukikosea inakuambiaje, cheti cha HTTPS (kinachoithibitisha tovuti na kuficha mawasiliano yake) kinapatikanaje na nani anakihuisha, umeme ukikatika na kurudi, inaamka yenyewe au inakusubiri, na mwisho, ukihama mji, nani ataipokea.

Zote tatu ni za bure na msimbo wake uko wazi. Apache ilianza mwaka 1995, nayo ndiyo wengi wetu tulikutana nayo chuoni ndani ya XAMPP bila hata kujua jina lake. Nginx tangu mwaka 2019 iko chini ya kampuni ya F5. Caddy ndiyo kitinda mimba: Matt Holt aliitoa mwaka 2015, imeandikwa kwa lugha ya Go, na toleo la 2 linalotumika leo lilitoka mwaka 2020.

RAM

Seva ya kukodi ambayo wengi tunaanza nayo ina RAM ya GB 1. Hapa ndipo Apache ilipopata jina baya, na nusu ya jina hilo imesingiziwa.

Ukiwasha PHP ndani ya Apache yenyewe kwa moduli ya mod_php, kwa kawaida Apache inafanya kazi kwa mtindo wa prefork. Kila mgeni anashikiliwa na mchakato mzima, na kila mchakato umebeba PHP mgongoni hata kama mgeni ametaka nembo ya shule tu. Tuseme mchakato mmoja unakula MB 40. Kwenye Ubuntu, aina ya Linux tunayotumia, kikomo kinachokuja na kifurushi, `MaxRequestWorkers`, ni 150. Zidisha: MB 6,000, kwenye mashine yenye MB 1,000. Siku ya matokeo wazazi wakiingia kwa pamoja RAM inaisha, Linux inatafuta wa kumtoa kafara, na mara nyingi anayetolewa si Apache bali MariaDB, programu ya hifadhidata. WordPress, programu iliyojenga tovuti, inaandika kwamba imeshindwa kuungana na hifadhidata, nawe unakesha ukibadilisha nenosiri ambalo halikuwa na kosa lolote.

Dawa ni hesabu ya darasa la nne. Tenga RAM ya hifadhidata na ya mfumo, tuseme zinabaki MB 600, gawanya kwa 40, unapata 15. Andika 15. Mgeni wa kumi na sita atasubiri kidogo, lakini duka halifungwi.

Nusu iliyosingiziwa ni hii: Apache hiyo hiyo ukiiweka kwenye mtindo wa event, na PHP ukaitoa nje ikaendeshwa na PHP-FPM, huduma yake ya pembeni, uzito unapungua sana. Anayesema "Apache ni nzito" mara nyingi anazungumzia mod_php bila kujua.

Nginx ina michakato michache, kwa kawaida mmoja kwa kila kiini cha prosesa, na kila mmoja unashika wageni wengi. Haiwezi kuendesha PHP ndani yake, kwa hiyo inakulazimisha uende PHP-FPM tangu siku ya kwanza. Hapo uzito haukufutika, umehama. Kwenye Ubuntu `pm.max_children` ya PHP-FPM ni 5. Ikijaa, logi inalalamika kwamba kikomo kimefikiwa. Watu wanasoma lalamiko hilo na kuandika 50 kwa hasira, wanarudi kwenye kisa kile kile cha MariaDB. Hesabu ni ile ile.

Caddy inakula zaidi kidogo kuliko Nginx kwa kazi ileile. Kwenye GB 1 hutaona tofauti. Kwenye kimashine cha MB 256, Nginx.

Usanidi, na kosa linavyojitokeza

Nichukue swali moja linaloulizwa kuliko yote: "Ukurasa wa mwanzo wa WordPress unafunguka, lakini nikibonyeza habari yoyote napata 404." Chanzo ni kimoja kwa zote. Anwani kama /habari/mahafali si faili lililopo kwenye diski, lazima seva iambiwe ipeleke ombi kwa index.php.

Kwenye Apache unawasha moduli ya rewrite na kuruhusu faili la `.htaccess` kwa kuandika `AllowOverride All` kwenye folda ya tovuti. Wengi wanawasha la kwanza na kusahau la pili, kwa kuwa siku hizi Apache haisomi `.htaccess` mpaka iruhusiwe. Kwenye Nginx unaandika mstari wa `try_files $uri $uri/ /index.php?$args;` mwenyewe. Kwenye Caddy amri ya `php_fastcgi` inalifanya hilo bila kuulizwa. Faili zima la Caddy kwa tovuti kama hiyo ni hili:

```
tovutiyako.co.tz {
    root * /var/www/tovuti
    encode zstd gzip
    php_fastcgi unix//run/php/php-fpm.sock
    file_server
}
```

Hapo usidhani kwamba Caddy imeshinda. `.htaccess` ina faida yake: mtu wa tovuti anaweza kurekebisha mambo yake bila kupewa ufunguo wa mashine nzima, na ndiyo sababu makampuni yanayokodisha nafasi kwa bei ndogo yamejengwa juu ya mfumo huo. Tena kuna hatari ya kuhama. Nginx na Caddy hazisomi `.htaccess` kabisa. Folda ambayo programu yako iliifunga kwa faili hilo, yenye majina ya wanafunzi au nakala za hifadhidata, ukihamia Nginx inakaa wazi na hakuna kengele itakayolia. Kabla ya kuhama, tafuta kila `.htaccess` iliyoko kwenye diski na usome ilikuwa inafunga nini.

Makosa ya kuandika: zote zina namna ya kukagua kabla. `apachectl configtest`, `nginx -t`, `caddy validate`. Nginx inakutajia faili na namba ya mstari, ingawa ukisahau nukta-mkato inaweza kukuelekeza mstari unaofuata. Ina tabia nyingine ya kuijua: ukipakia upya usanidi wenye kosa, inaendelea na ule wa zamani. Ni jambo jema, tovuti haianguki, ila unaweza kukaa saa nzima ukishangaa kwa nini mabadiliko hayaonekani.

Kuhusu 403, yaani kukatazwa kuingia, usiilaumu seva yoyote kabla ya kuangalia ruhusa za folda. Kufika chumba cha ndani lazima upite kila mlango, na tangu Ubuntu 21.04 folda ya nyumbani ya mtumiaji mpya imefungwa kwa wengine. Tovuti ukiiweka /home/juma/tovuti, seva inaishia mlango wa pili. Amri ya `namei -l` ikifuatiwa na njia ya faili inakuonyesha kila mlango na ufunguo wake. Hamishia tovuti /var/www, maisha yaendelee.

Jambo dogo ambalo wageni wetu wa Kakonko na Buhigwe wanalilipia kwa bando lao: kubana mafaili. Apache ya Ubuntu inabana HTML, CSS na JavaScript tangu ilipowekwa. Nginx ya Ubuntu inabana HTML tu mpaka uifungulie mstari wa `gzip_types`. Caddy haibani chochote mpaka uandike `encode`.

Cheti

Vyeti vya bure vya Let's Encrypt tunavyotumia vinadumu siku 90, na tangu Juni 2025 hawatumi tena barua pepe ya kukumbusha kwamba kinaisha.

Kisa changu: nilikuwa kwenye boti kuelekea Kagunga, mtandao hakuna, cheti cha tovuti moja ya Nginx kikaisha. Certbot, programu inayochukua na kuhuisha vyeti hivyo, ilikuwa ikijaribu kukihuisha kwa wiki kadhaa na kushindwa, kwa sababu mimi mwenyewe nilifunga poti 80, mlango wa HTTP ya kawaida, kwenye ukuta wa moto (firewall) nikidhani HTTPS inahitaji 443 tu. Uhakiki wa kawaida unapita poti 80. Mara nyingine tena cheti kilihuishwa vizuri lakini Nginx ikaendelea kuonyesha cha zamani, kwa kuwa hakuna aliyeiambia isome upya. Dawa yake ni kuiwekea Certbot `--deploy-hook` yenye amri ya kuipakia upya. Apache ukiitumia na Certbot ina mitego hiyo hiyo. Apache ina pia moduli yake, mod_md, inayochukua vyeti yenyewe, na Nginx mwaka 2025 imetoa moduli ya kazi hiyo, ila ukimkuta mtu anayezitumia huku kwetu nisalimie.

Caddy hapa ndipo inapong'ara. Unaandika jina la domeni, inatafuta cheti, inakiweka, inakihuisha, nawe unaweza kwenda Kagunga na kurudi. Masharti ni mawili: domeni iwe inaelekea kwenye mashine hiyo, na poti 80 na 443 ziwe wazi. Mtego wake ni Docker, inayoendesha programu ndani ya kasha liitwalo kontena. Usipohifadhi folda ya `/data` nje ya kontena, kila ukiliunda upya linaomba cheti kipya, na Let's Encrypt inatoa vyeti vitano tu kwa wiki kwa orodha ileile ya majina. Cha sita utakisubiri.

Seva iliyoko nyumbani kwako ikitumia laini ya simu, ambapo wateja wengi wanashirikiana anwani moja ya nje, hakuna kati ya hizi tatu itakayopata cheti kwa njia ya kawaida. Utahitaji uhakiki wa kupitia DNS (rejista ya majina ya domeni), na kwa Caddy hilo maana yake ni kuijenga upya pamoja na moduli ya mtoa DNS wako, kisha kuikumbuka kila toleo jipya likitoka.

Umeme ukirudi

Wanaoishi penye umeme usioyumba hawaandiki kifungu hiki. Sisi tuliokulia kwenye muungurumo wa majenereta ya dizeli tunakiandika.

Ukiziweka kwa vifurushi vya kawaida vya Ubuntu, zote tatu zinajiwasha mashine ikiwaka. Zikigoma, mara nyingi ni seva mbili zinazogombea poti 80. Uliweka Apache mwaka jana, ukaizima, ukaweka Nginx. Umeme uliporudi Apache ikawahi kiti. `sudo ss -ltnp` inakuonyesha nani amekaa. Kuzima hakutoshi, iondoe kwenye orodha ya kuamka: `systemctl disable apache2`.

Kuna jingine lililonichukua miezi kulielewa. Nginx iliyosimama mbele ya programu nyingine, ikiwa kwenye `proxy_pass` (mstari unaosema ombi lipelekwe wapi) umeandika jina la mashine badala ya namba, inalitafuta jina hilo wakati inaamka. Umeme ukirudi, seva inawaka kabla ya ruta kumaliza kuamka, jina halipatikani, Nginx inaandika "host not found in upstream" na kukataa kuwaka. Dakika mbili baadaye mtandao upo na kila kitu ni kizima, isipokuwa Nginx. Andika namba ya IP, au iambie systemd, inayowasha huduma za Linux, ijaribu tena baada ya muda. Caddy hulitafuta jina pale ombi linapofika, kwa hiyo inaamka tu. Intaneti ikiwa haipo, inatumia cheti ilichonacho na kuendelea kujaribu kingine pembeni.

Ukitumia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 au ya nyuma yake, haina betri ya saa. Bila intaneti inaamka na tarehe isiyo sahihi, na kwa macho yake vyeti vyote, vya seva yoyote, vinaanza kuonekana vimeharibika. Kabla ya kufungua faili lolote, andika `date`.

Ukihama, nani ataipokea

Apache inapokelewa na karibu kila mtu. Kijana aliyemaliza diploma juzi ameshaiona. Nginx ina majibu mengi mno mtandaoni, na hapo ndipo tatizo lake: mtu anabandika vipande vya mafaili matano tofauti na kuondoka na usanidi usiojulikana baba wala mama. Caddy faili lake linasomeka hata na asiye fundi, lakini likigoma wa kumuuliza hapa mjini ni wachache, na maelekezo ya kabla ya mwaka 2020 ni ya toleo la 1, hayafanyi kazi kwenye toleo la 2. Pia ukiipakua Caddy kama faili moja badala ya kutumia kifurushi, haitapata masasisho ya usalama pamoja na mfumo. Utaisasisha mwenyewe.

Kwa hali yako

Ukiwa umekodi nafasi ya bei ndogo yenye cPanel, paneli ya kusimamia tovuti kwa kubonyeza, swali hili si lako. Mwenye mashine ameshachagua Apache, au seva inayosoma `.htaccess` kama hiyo. Shughulika na picha zako.

Ofisi au shule yenye WordPress kwenye GB 1, ambako mtu wa IT hubadilika kila mwaka: Apache ya event na PHP-FPM ina wapokeaji wengi zaidi. Kama mtu wenu yupo na amekaa, Nginx itamtunzia RAM, mradi aandike kwenye daftari kwa nini kila mstari upo.

Yule jamaa wa dagaa ana ukurasa mmoja na kaprogramu ka oda kalikoandikwa kwa Python, hana fundi, na yeye mwenyewe yuko mwaloni alfajiri. Nilimwekea Caddy.

Una tovuti kumi, programu kadhaa nyuma yake, video za mahubiri, na unataka kuhifadhi nakala za kurasa ili programu ipumue: Nginx imezoea kukaa mlangoni namna hiyo, na unaweza kuiacha Apache nyuma yake ikiendelea kusoma `.htaccess` zake.

Seva ya darasani, tuseme Moodle, programu ya masomo, kwenye shule ya Kasulu isiyo na intaneti, wanafunzi wakiingia kwa Wi-Fi ya ndani: Apache au Nginx kwa HTTP ya kawaida inatosha. Caddy ukiipa jina tupu itahangaika na cheti. Andika `http://` mbele ya jina. Ukitumia `tls internal`, yaani cheti ambacho Caddy inajitengenezea, kila simu itatoa onyo mpaka uisakinishie cheti cha mzizi, na ukiwa na wanafunzi 400 hiyo ni kazi ya muhula.

Na kama uliyonayo inafanya kazi, usihame wiki ya matokeo. Mwalimu wa taaluma bado yuko kwenye Nginx. Ukutani kwake, chini ya ratiba ya vipindi, nimembandikia karatasi yenye amri tatu: `date`, `sudo nginx -t`, `sudo systemctl restart nginx`. Kwa mpangilio huo. Juzi umeme ulipokatika alinipigia saa kumi na mbili asubuhi kuniambia ameshaiwasha.